Kugeuza Shingo Angani

Jinja, Jumapili jioni, 1998. Mvua imepiga tangu asubuhi na sasa bati linadondosha tone moja moja. Sina hasira na mtu yeyote leo, jambo ambalo si la kawaida, na limenifanya nijichunguze.

Nimerudi kutoka Mbale mchana. Nilikwenda kupigania haki yangu ya kusema.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu Tabitha, ni Mgisu na mwanajeshi mstaafu. Kila mtu humwita Afande, hata mkewe. Mwezi ujao binti yao Khainza anawatambulisha wakwe nyumbani, na Afande aliagiza kwamba mimi, mjomba wa binti, nisifungue mdomo siku hiyo. Anauogopa ulimi wangu. Nimegombana magazetini na maaskofu, na wenye mashamba ya miwa, na wale wanaodai Kiswahili ni lugha ya bunduki na wezi tu. Hao wa mwisho bado sijamalizana nao. Lugha haijawahi kumpiga mtu kitako cha bunduki. Mtu ndiye aliyempiga mtu.

Lakini mjomba asiyesema siku ya mpwa wake ni mgeni aliyefuata pilau.

Tulibishana mpaka tukafika pale tunapofika siku zote: kwenye ndege. Sisi wazee wawili tuna ugonjwa mmoja, mchezo wa kompyuta wa ndege za kivita za zamani, zile zenye panga la kuzunguka puani. Tukakubaliana: mapigano matatu, Jumamosi, sebuleni kwake, kompyuta mbili zikiunganishwa kwa waya. Nikishinda, nasema. Nikishindwa, kimya mpaka sahani zioshwe.

Basi wiki nzima, hapa nyumbani Mafubira, nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza tangu nianze mchezo huu. Rubani anaona nini?

Mimi nilikuwa naona mbele tu. Kumbe vile vitufe vya namba upande wa kulia wa kibodi ni shingo. Nane ni mbele, nne kushoto, sita kulia, mbili nyuma. Nilibonyeza mbili nikitarajia kuona mkia wa ndege na anga. Niliona bamba la chuma la kulinda kichwa cha rubani. Nikaudhika kama niliyeuziwa kitabu chenye kurasa nyeupe.

Halafu nikagundua kwamba mchezo unakuruhusu kukihamisha kichwa, kukiinua, kukiegemeza upande, kisha kuhifadhi pale ulipokiweka, kwa kila upande peke yake. Nilikisogeza kulia karibu kiguse kioo. Bamba likajitenga kama pazia, na mkia wangu ukatokea, na nyuma yake anga tupu.

Nilicheka peke yangu.

Niliketi kwenye kiti cha jikoni, nikamwomba mke wangu ashike sinia nyuma ya kisogo changu, nijue mtu aliyefungwa mkanda anaweza kuegemea kiasi gani. Alishika. Hakuuliza. Ameshaona mengi.

Mbele kulikuwa na fumbo jingine. Ukiinua kichwa, pua ya ndege haikuzibii adui. Ukizidisha kidogo, alama ya kulengea inapotea kwenye kioo chake. Ina maana jicho lina mahali pake halisi, na ukitoka hapo unaona zaidi lakini huwezi kupiga. Nimelifikiria jambo hilo kuliko makala yoyote niliyosoma mwaka huu.

Jumamosi nilifika na kompyuta imeviringishwa blanketi.

“Mtu ya gazeti amefika,” Afande alisema. “Kalibu, shemeji. Leo utakula kimya.”

“Na nyinyi wazee,” Tabitha alisema akiweka chai, “mtoto ni wangu, ndege ni za uongo, na bado hamna aibu?”

Pigano la kwanza nililipata kirahisi, na nilijua sababu. Wagisu hutahiriwa wakiwa wamesimama hadharani, macho mbele, bila kupepesa. Afande alisimama hivyo ujanani, na hivyo ndivyo anavyorusha ndege hadi leo. Hagusi kitufe chochote cha kutazama. Nilimzunguka, nikakaa nyuma yake, nikammaliza.

“Geuza shingo, Afande!”

“Mwanaume hageuzi shingo. Nyinyi Wasoga mnageuka-geuka kama kuku anatafuta mahali pa kutaga.”

La pili alinipata uso kwa uso, pale ambapo macho ya mbele yanatosha.

La tatu tulishuka chini juu ya bahari. Nilijua yuko nyuma. Nikabonyeza mbili, na lo, kazi yangu ya wiki nzima! Nilimwona mzima, bawa hadi bawa, nilipotaka awe, akijikokota kwenye kona yangu bila kunifikia. Sikuwahi kumwona adui vizuri namna ile. Nikakishikilia kitufe. Nikaendelea kukishikilia.

Skrini ikawa bluu ya maji.

Afande akainuka kitini. “Shemeji! Nani imekupiga? Mimi sijafyatua!”

Khainza, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka mpaka akashika fremu. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mjomba wake amepigwa na maji.

Basi nitakaa kimya. Neno ni neno, na sitatafuta mlango wa nyuma, ingawa njia nzima ya kurudi Jinja nilitunga hoja tano za kuvunja ahadi, zote nzuri.

Kinachonisumbua sasa si hotuba. Nimesema kwenye utambulisho mwingi, na nakumbuka kila sentensi yangu, na nani alipiga makofi, na nani alikunja uso. Sikumbuki hata bibi harusi mmoja alikuwa anamtazama nani.

Mwezi ujao nitaketi mkekani bila risasi hata moja, na shingo inayogeuka pande zote. Khainza atamtazama nani?