"Nzuri" ya Ng'ambo ya Korongo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Uru tu wazima; ng'ombe amezaa, na ukungu umelala migombani tangu asubuhi.

Unauliza kama ni salama daktari kuukagua mshono wangu wa upasuaji kwa simu ya video. Nilipokuwa msichana, mama yangu alipasuliwa tumbo. Nesi akapita ng'ambo ya korongo, akaita, "Habari ya kidonda?" Mama akajibu kwa adabu, "Nzuri!" Sauti ikaelea juu ya ukungu, lakini mkono alioshikia ubavu haukuonekana. Kesho yake tulimshusha hospitali Moshi kwa machela. Alipona, ila kwa taabu.

Juzi daktari naye akaniuliza habari. "Nzuri" ilishafika mdomoni. Nikaimeza, nikaufunua mshono mbele ya simu.

"Bibi, njoo leo hii," akasema.

Nimeshatibiwa na kurudi nyumbani. Nawe ukinipigia, usiridhike na "nzuri" yangu ya kwanza.

Bibi yako