Picha ya Mama Iko Nzega

Tabora, 3 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepoa. Mgongo wako je? Bado unachochea moto wa bani la kukaushia tumbaku peke yako?

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu. Nikifumba macho, sioni kitu. Juzi mwalimu wa historia alituambia tufumbe macho tuwaone wapagazi wakitoka Ujiji na pembe mabegani. Nikafumba. Giza. Mektilda, ninayekaa naye dawati moja, akasema anawaona mpaka vumbi la miguuni. Siku zote nilidhani kuona huko ni usemi tu.

"Kwani wewe huoni?" akashangaa. "Kichwani kwako umeme umekatika?"

Darasa zima likacheka.

Baba, kichwani nina maneno tu. Najua Mama alikuwa na mwanya, kama ninavyojua kwamba Urambo iko magharibi ya Tabora. Uso wake siuoni. Siku ya kuanua matanga ulipoitoa picha yake ukutani, nilinyamaza. Naomba unitumie.

Mwanao,
Eustadia

Usoke, 9 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Nimechoka, na si mgongo tu.

Mimi ni kinyume chako. Mama yako namwona kutwa. Nikichochea bani yupo pale, ananisema: "Baba Eustadia, kuni hizo mbichi!" Sauti ileile. Nilidhani nikiitoa picha nitapumzika. Wapi! Nikampa bibi yako aende nayo Nzega, nikiamini wewe unaye kichwani kama mimi. Ningejuaje?

Kaichukue. Nimemwandikia matroni akupe ruhusa. Ila nyumbani usije nayo kwanza, mama. Nivumilie.

Baba yako

Tabora, 24 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini umepata japo usingizi kidogo.

Jana nilikwenda Nzega. Bibi hakutaka kuitoa. "Na mimi nibaki na nini?" Nikamweleza hali yangu. Akanitazama sana.

"Hata mimi, ukitoka hapa hutaniona?"

"Sitakuona, Bibi."

Akaifungua kutoka kwenye khanga, akanipa.

Wakati wa likizo picha nitaiacha kwa akina Mektilda, hapa Mtendeni, kwa hiyo njoo unipokee stesheni bila wasiwasi. Kwa sasa nimeibandika ndani ya mfuniko wa tranka langu. Leo asubuhi nilifungua kuchukua sabuni, nikamtazama Mama, nikafunga, nikaenda misa ya Matawi.

Mwanao,
Eustadia