Maneno Yenye Sikumuandikia Claudine

Kazi moja, 10 mwezi wa tatu 2025

Kesho tournage, tunakamata film. Mwaka wa kumi na saba wa Lupango Yetu, na sina nguvu tena. Papa, mwenye alianzisha hii feuilleton, anajisifu: saa nane kamili, bamama ba commune yetu ya Kenya yote bako mbele ya télé. Sawa. Lakini kaka yangu Edouard iko na mutoto inje. Amezaa na Laurentine, mwenye anatupaka poudre ku uso mbele ya kamera! Aliniambia tangu Noeli. Nilinyamaza. Claudine, bibi yake, hajui.

Na kwa film, Edouard na Claudine ni bwana na bibi. Kesho bibi anasamehe bwana. Mi njo niliandika ile scène.

Kazi mbili, 11

 Claudine alipaswa kusema: nimekusamehe, Chama — njo jina ya Edouard kwa film. Akaangalia Laurentine, pembeni ya kamera na éponge yake ya poudre. Kisha akageukia bwana yake.

"Edouard, mutoto yako iko na meno mbili. Nilimubeba jana. Anafanana na weye."

Edouard — jina yake ya kweli. Claudine hakulia, hata sauti hakupandisha. Kazi yangu ni kusema "coupez", kamera isimame. Sikusema. Dakika ine nzima kamera ikakamata. Akavua pete ya film, akaiweka kwa meza. Kisha ile ya kweli, yenye padri alibariki. Akapanda taxi-moto, akaenda kwa mama yake, kule mutaa ya Kasapa.

Kazi tatu, 12

Papa ameangalia ile scène mara tatu. Ipite ku télé vile iko, anasema. Toka tuanze hatujapata scène ya hivi. Nikamukumbusha: ni bibi ya Edouard, mutoto yako. Bantu bataona ni film tu, akajibu. Edouard alipiga magoti jikoni, anaomba nifute. Bote banasema ni juu ya famille.

Nani aliuliza Claudine? Hakuna. Hata mi.

Kazi ine, 13

Saa saba na nusu. Hakuna épisode ingine ya kupitisha leo saa nane — ni hii, ao écran nyeusi. Nimemupigia Claudine. Akashika. Nikamueleza Papa anataka nini, Edouard anataka nini. Nikamuambia weye njo uamue.  Akauliza polepole, na ile sauti ya juzi:

"Lydie, na weye, ulijua?"

Simu iko hapa kwa meza, haijakatika. Namusikia anapumua. Saa nane kasoro kumi. Papa anapiga kwa mulango, anataka épisode.