Birika ya Nanyuki

Mama Kariuki,

Nakusalimu kutoka kwa baridi ya huku Nanyuki, ambayo hainiwezi. Najua uko na wasiwasi. Ulisema hatuhami Ruring'u kuja kukaa na kijana wetu, ati tutazeeka kati ya watu wasiotujua. Sasa sikia.

Jumapili niliingia kanisa la Anglikana peke yangu. Kasisi akasema wageni wasimame. Nilikataa. Mimi nilibatizwa Anglikana kabla huyo kasisi hajazaliwa, niwe mgeni wa nani?

Ibada ilipoisha, wageni wakaitwa chai. Mama mmoja Mmeru akaniangalia, akasema, "Baba, wewe hukusimama na wageni. Basi shika birika. Hapa wenyeji ndio humimina."

Nikashika. Unajua hata kwetu sijawahi kumimina chai. Lakini nilimiminia nyanya mmoja Mturkana, walimu wawili Waluhya, hata Mzungu wa kambi ya jeshi, na sikumwaga tone. Polisi mmoja Mjaluo aliyekuwa akiosha vikombe akanicheka: "Mzee, mimi nilikaa sana kabla ya kupewa hiyo birika. Wewe ni siku ya kwanza, na tunajua."

Kumbe walijua wote. Yule mama akanipa kikombe changu na kipande cha nduma moto, akauliza, "Na mama yuko wapi?" Nikasema uko nyumbani na ng'ombe. Akasema, "Mlete."

Tibu kwanza hicho kikohozi chako, halafu uje. Wewe simama na wageni, usione haya. Nitakumiminia mimi.

Ni mzee wako,
Baba Kariuki