Siku ya Kuonyesha Watoto

Nyumba ya Watoto,
Ruiru.
16 Machi 1956

Kwa Mama,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko vumbi la Gatuanyaga. Kifua chako kinasemaje siku hizi? Sisi huku ni wazima, ila Kanini, ambaye nitakueleza habari zake. Nisalimie Mama wa Mlangoni, Mama wa Kisimani na Mama Mdogo. Kama Baba Simeon ameruhusiwa kupokea salamu kule gerezani, mfikishie zake.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu barua ya Kikuyu haipiti hapa. Memsaab, mkubwa wa nyumba hii, hakijui Kikuyu, na lazima asome kila kitu kabla bahasha haijafungwa. Kwa hiyo: habari za leo, Memsaab. Najua uko hapa katikati yetu. Ukinisemesha uso kwa uso sauti yangu hukwama kama kiazi kikavu, lakini kwenye karatasi sikuogopi sana.

Mama, ile siku lori lilipokuja kutuchukua nimeifikiria mpaka nimechoka nayo. Bwana DO, yule afisa wa wilaya, hakuwa na hasira. Alisema serikali haiwezi kuacha watoto kwa mtu mwenye wake wanne ambaye hataki tuhesabiwe wala tuchanjwe. Kisha akasema kila mwanamke aonyeshe watoto wake. Wewe ukasema, "Wote ni wangu." Mama wa Kisimani akasema, "Wote ni wangu." Hivyo hivyo mpaka mkaisha wanne. Yule karani wake, Zacharia, akacheka: "Watoto kumi na mmoja mara nne ni arobaini na wanne. Hao wengine mmewaficha kwenye chungu gani?"

Ninyi mlijibu kama dini yetu ya Nyumba Moja inavyofundisha: aliyezaa na asiyezaa ni sawa, na mwezi ukiandama kila mtoto huchukua blanketi lake akahamia kwa mama mwingine. Mlisema kweli. Huku kweli yenu imeandikwa hivi: watoto hawa hawana mama anayejulikana.

Kagwe aliulizwa na mwalimu, "Mama yako ni nani?" Akajibu, "Ni yule mwenye zamu ya kupika." Darasa lote lilicheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikaona haya.

Kanini hali vizuri. Anauweka uji mdomoni na kuusahau humo. Juzi jioni mwezi uliandama. Mimi sikuutazama, lakini wadogo wetu waliuona. Niliwakuta wamesimama katikati ya vitanda, kila mmoja na blanketi lake mabegani, wanangoja kuambiwa wahamie wapi. Msimamizi aliwachapa kwa foleni, bila haraka. Kanini hakulia. Alipanda kitanda changu, na huko ndiko analala mpaka leo, ameshika sikio langu.

Sasa neno la aibu. Uji wa hapa una sukari, nami naupenda. Kitanda kina godoro, nalo nalipenda. Walituvua vilemba vyetu vyeupe wakavichoma, na upepo uliponigusa kichwa nilisikia raha. Usiwaambie wengine.

Ni mimi mtoto wenu,
Gathoni


Gatuanyaga
2 Aprili 1956

Kwa Gathoni, mtoto wetu,

Salamu sana. Hapa tuko, Mungu anatushika. Kifua inauma asubuhi tu, jua ikipanda inaniacha. Mbuzi moja imezaa pacha. Baba Simeon bado iko ndani. Anasema hawezi kukubali watu wa Mungu wahesabiwe kama mbuzi. Memsaab, salamu kwako pia, na asante kwa hiyo sukari.

Sasa sikiliza. Bwana DO ameita sisi wamama. Amesema mwanamke anaweza kupata mtoto yake kama ameacha Nyumba Moja, amerudi kwa ndugu yake, na ndugu ametia kidole kwa karatasi kwamba atamlisha. Baba atabaki na bibi moja, ile ya kwanza. Mimi ni wa tatu. Siku ya kuonyesha watoto ni tarehe tisa, mwezi wa sita, huko kwenu Ruiru. Mtoto ile haina mtu wa kumwonyesha, serikali itapeleka mbali. Atapewa watu wengine na jina ingine.

Nilienda Kiganjo, pale Thika, kwa ndugu yangu Ndung'u. Analala kwa chumba ya tajiri yake, Gurdial wa mashine ya mbao. Gurdial si mtu mbaya, lakini amesema, "Dada kuja, sawa. Mtoto moja, sawa. Mbili hapana. Hii ni mbao, hapana shule." Basi kibali yangu ya kukaa Thika imeandikwa: mwanamke, na mtoto moja wa kuzaa yeye mwenyewe.

Nimesoma hiyo karatasi mpaka macho inauma. Bado inasema moja.

Kula uji. Hiyo si dhambi.

Ni mimi,
Mama


Ruiru
29 Aprili 1956

Mama,

Hii haipiti kwa Memsaab. Inakuja ndani ya kofia ya Mbaluka, mpishi wetu, ambaye Jumapili hupanda baiskeli kwenda kwa shemeji yake Thika. Atampa Ndung'u mkononi. Ameniomba niandike Kiswahili vilevile. "Wakinishika na Kikuyu kwa kofia, na mimi ni Mkamba, nitaeleza nini?" Kwa hiyo salamu zako za leo ni fupi, lakini ni za kweli. U hali gani?

Kwa kuwa Memsaab hayumo, nitasema lile ambalo Nyumba Moja inatukataza. Wewe ndiwe uliyenizaa. Hukuniambia, nami sikuuliza. Lakini nina mwanya kati ya meno ya juu, na wewe unao, na boma zima hakuna mwingine mwenye nao. Wenzangu walipokuwa wakihama mwezi ukiandama walikuwa wakicheka. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya lini nitarudi kwako. Kwa Mama wa Kisimani nilikula vizuri, kwa Mama Mdogo nilichekeshwa, lakini usingizi wangu ulikuwa kwako. Naona haya hata kuandika.

Sasa Kanini. Aliyemzaa tulimzika sote, mtoto hajanyolewa hata nywele za kwanza. Hapa hakuna anayejua hilo, hata Zacharia, kwa sababu hamkumwambia nani ni wa nani. Mama wa Mlangoni kichwa chake ni mvi tupu. Nani ataamini kwamba alizaa juzi? Wale wawili wengine, ndugu zao wamekubali idadi ya watoto wao, basi. Kwa hiyo siku hiyo hakuna kidole kitakachomwonyesha Kanini. Amekonda, Mama. Akipelekwa mbali, ni nani atamwachia sikio la kushika?

Kama kibali ni cha mmoja, chukua Kanini. Sema ni wako. Mimi ni mkubwa, nimetimiza miaka kumi na mitano, na ile misheni uliyonipeleka kabla Baba hajatukataza shule ilinipa lugha mbili. Memsaab anasema nitafundishwa kufundisha wadogo. Nitavumilia. Usinifikirie.

Mwanao,
Gathoni


Kiganjo, Thika
13 Mei 1956

Mwanangu,

Huyo Mkamba amefika, amekunywa chai, ameniletea. Mimi nimeshahamia hapa kwa Ndung'u. Kifua iko vile vile.

Ndiyo. Ni mimi. Ulitoka miguu mbele, kama mtu anashuka kwa kitanda. Sikuambia kwa sababu ni sheria yetu, na leo nimeivunja.

Barua yako nimesoma mara moja. Mara ya pili nilishindwa. Nitafanya vile umesema. Lakini elewa hii: Bwana DO akijua wewe ni wangu, atasema chukua wako, acha huyo mwingine. Basi wakiniuliza juu yako nitasema sikujui. Miaka yote nimesema wote ni wangu, na ilikuwa kweli. Siku hiyo nitasema moja tu ni wangu, na itakuwa uongo. Mungu apime mwenyewe.

Usilie mbele yao. Na usifungue mdomo, hiyo mwanya wataona. Mimi pia nitafunga yangu.

Choma hii.

Mama yako


Nyumba ya Watoto,
Ruiru.
24 Juni 1956

Kwa Mama Kanini,
Kiganjo.

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mtoto wako pia ni mzima. Mimi sina ugonjwa. Habari za leo, Memsaab. Tuna mpishi mpya, uji una madonge. Mbaluka amehamishwa kwenda kupikia askari, na barua zote sasa zinapitia mezani kwa Memsaab.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni yule msichana mrefu aliyesimama karibu na nguzo siku ya kuonyesha watoto. Uliponyoosha kidole kwa Kanini, Bwana DO alikuuliza, "Na huyu?" Ukaniangalia kama mtu anavyoangalia mbuzi wa jirani, si kwa ubaya. Ukasema, "Huyo sijui ni wa nani." Zacharia hakukuacha. "Si mlisema wote ni wenu?" Ukajibu, "Tulikuwa wajinga."

Hilo la ujinga sikulitazamia.

Ulisema mdomo ukiwa karibu kufungwa, maneno yakipita pembeni. Mimi pia nilikuwa nimefunga wangu. Sijaufungua vizuri tangu siku ile, na wasichana hapa wananiita Kufuli.

Kanini alikuwa ameshika sikio langu. Msimamizi alibandua vidole vyake kimoja kimoja. Memsaab alifurahi, akatuambia, "Mnaona sasa? Kila mtu ana mama mmoja." Wakaanza kuwaita wanawake kwa majina mapya, Mama Kagwe, Mama nani na nani. Kule nilikotoka hakuna mwanamke aliyeitwa kwa jina la mtoto mmoja. Wewe ukaitwa Mama Kanini, ukaitika papo hapo.

Mwalimu alitutaka tuandike insha juu ya adabu. Mimi niliandika juu ya msichana mmoja aliyekwenda ugenini. Akakaribishwa chakula, akasema, "Asante, nimeshiba." Hakuwa ameshiba. Alisema kama mgeni anavyosema, akingoja mwenye nyumba asukume sahani mara ya pili, amwambie, "Kula, mwanangu, wacha aibu." Mwenye nyumba akasema, "Haya," akaondoa sahani. Mwalimu alinipa alama nzuri, lakini akaandika pembeni: huyu msichana alijitakia.

Nami naona mwalimu amesema kweli. Lakini wewe ni mtu mzima, umelisha wengi, kwa hiyo nakuuliza. Yule mwenye nyumba hakuiona njaa, au aliiona?

Nijibu ukipata nafasi. Chini ya barua weka jina unalotaka. Zamani pale palitosha neno moja.

Ni mimi,
Gathoni wa Nyumba ya Watoto


Kiganjo, Thika
19 Agosti 1956

Kwa Gathoni, msichana wa Nyumba ya Watoto,

Salamu kwako. Salamu kwa Memsaab. Sisi hapa tuko wazima, ila kifua inasumbuliwa na unga ya mbao. Nimekawia kujibu. Nilianza barua tatu, na hiyo ya tatu Ndung'u aliona nikiwashia moto nayo.

Kanini sasa anakula. Gurdial anamtupia vipande ya mbao, anazipanga kama vitanda, anasema hii ni ya fulani na hii ni ya fulani. Mwezi ikiandama anachukua blanketi anasimama kwa mlango. Mara ya kwanza nilimuuliza, "Unaenda wapi wewe?" Akasema, "Kwa Gathoni." Nikamwambia hapa hakuna nyumba ingine ya kuhamia. Anasimama tu mpaka usingizi inamwangusha, halafu mimi namwinua.

Karani Zacharia anapita hapa kutuangalia. Ameshapita mara mbili. Anakunywa chai, anauliza hiki na kile. Juzi alimwambia Kanini acheke, akasema mtoto ana meno mazuri, imefungana, si kama yangu. Ni mtu wa kupenda kusoma. Hata hii barua ameomba aione kwanza kabla iende posta, na sasa amekaa hapo kwa kiti ananingoja.

Uliuliza juu ya insha yako. Mimi sikusoma sana, insha sijui. Lakini nimepika miaka mingi, na hiyo najua. Mwenye nyumba aliona njaa. Aliona kabla msichana hajafungua mdomo. Lakini chungu ilikuwa na sahani moja, na kwa mlango kulikuwa kumesimama mtoto ingine, mdogo, hajajua bado kusema ameshiba.

Hiyo mwenye nyumba aliondoa sahani na mkono yake mwenyewe. Usifikiri ilikuwa nyepesi.

Kula, wacha aibu.

Ni mimi,
Mama Kanini