Rangi Nyekundu Kwenye Miti ya Katuba

Kwako Mado, mutoto wa dada yangu, uliye kule Pweto,

Nakuandikia na kasirani, na siombi ruhusa. Muntu gani anakimbilia biashara ya samaki mikavu kwa shangazi yake bila kumuaga mujomba aliyemulea? Miye! Miye niliyesimamisha treni ya shaba kwa kupunga mukono tu, mashinisti akashuka kuniomba samahani! Sekondari niliachia mwaka wa pili, juu mwalimu aliogopa maulizo yangu. Lakini weye ulimaliza lisansi ya chuo kikuu, na profesa akakupa nafasi ile bantu banapigania: kuendelea na utafiti, kuchunguza miti ya mujini inatufanyia nini.

Unakumbuka tulivyozunguka na mita ya kushonea ya marehemu mama yako? Ulikumbatia muti wa avokado wa jirani yetu Mama Feza ukiupima, naye akacheka: "We Mado, unaushonea robe ya kuvaa?"

Ukamujibu, "Mama, huu muti iko kazini. Unakamata maji ya mvua, kiwanja cha parsele yako kisikatike. Unapoza bati yako. Na haujakuomba mushahara hata siku moja."

Siku ile nilijivuna mpaka shati ikanibana.

Ulitaka kuandika kila muti namba yake kwa chaki. Nikasema chaki ni ya batoto, mvua itafuta, nikakuletea kopo ya rangi nyekundu iliyobaki kwa mulango wangu. Na hapa kwetu Katuba yote inajua: nyekundu ikipakwa ukutani, komini, ile serikali ya mutaa, inakuja kubomoa. Uliniuliza, "Mujomba, bantu habataogopa?" Nikasema, "Niachie bantu. Bananijua."

Bananijua, kweli. Jumatatu, weye uko chuoni, balikuja kuniuliza zile namba ni za nini. Ningejibu tu, ni masomo ya Mado. Nilijibu nini? Hii hukuijua, basi soma: "Ni kazi ya Serikali, na miye njo mukubwa wake." Mama Feza akauliza, "Kwa hiyo miti itachukuliwa?" Nikakohoa kama waziri.

Asubuhi yake shoka zikaanza. Nani atamuachia Serikali muti aliopanda mwenyewe? Afazali kuuchoma makala ya kupikia. Miti yako yote ya namba, chini! Profesa akasema hakuna tena cha kupima, ukakunja nguo zako. Na miye nikabatukana majirani juma nzima, nikibaita bajinga, kumbe mujinga njo mwenye kopo.

Bado nina kasirani. Juu yako pia: mbona umekubali haraka kwamba imekwisha? Jana nilivaa viatu vya misa nikaenda kwa profesa, nikamwambia yote, hata kule kukohoa. Hakucheka. Amesema nafasi haijapewa mwingine, na kujua kwa nini bantu banaangusha miti yao wenyewe, hiyo pia ni utafiti. Lakini mwanafunzi mwenyewe aje kuiomba mbele ya mwezi huu kuisha. Nilitaka kusaini mahali pako, akaninyang'anya kalamu.

Leo nimeanza kupita nyumba kwa nyumba: "Nilidanganya. Sina kazi yoyote Serikalini." Mama Feza amenifungia mulango usoni. Kesho nitarudi, hata kama atanimwagia maji, juu weye utahitaji kumuuliza maulizo yako, na sitaki akufungie weye.

Panda lori ya samaki, Mado. Kuja unitukane uso kwa uso, kisha uende kwa profesa.

Miye, mujomba wako.