Sumaku Chini ya Nyuzi

Lizaboni, Jumamosi

Kumbe gitaa langu la umeme si bovu! Wiki nzima nilikuwa naipandisha ile sumaku inayonasa sauti chini ya nyuzi, nikidhani ikizikaribia ndiyo sauti itanoga. Nyuzi nene zikazidi kuunguruma, hadi mwalimu wa kwaya akasema kesho misani tutarudia ngoma tupu.

Leo nimechukua kisu cha jikoni, nikazungusha skrubu, nikaishusha kidogo. Nikapiga. Kila uzi ukasikika, safi kabisa!

Mke wangu, ambaye kila siku hunifokea nipunguze kelele, akatokea mlangoni na mwiko wenye ugali. Nikataka kuzima.

"Baba Oresta, hapo hapo! Usiguse tena." Akaanza kuimba.

Naombea tu umeme usikatike kesho.

Ugali uliungua. Tumeula hivyo hivyo, tukiimba.